Msiba wa Jicho la Bi Tupoki

2.

TANGAZO
Wateja wetu wapendwa, mnaarifiwa kuwa kuanzia leo kliniki yetu ya macho imesitisha kupokea kadi za Mfuko wa Bima ya Afya Tegemeo hadi itakapotangazwa vinginevyo. Huduma zitaendelea kwa malipo taslimu. Tunaomba radhi kwa usumbufu.
Uongozi.

(Namba moja ipo, inakuja. Usiwe na haraka, chai yenyewe bado ya moto.)

3.

Mzee Ambilike alilisoma lile tangazo kwa kidole, neno kwa neno, maana shule yake iliishia pale mwalimu alipohama. Alipofika kwenye "vinginevyo" akarudi kuanza upya, akidhani karuka mahali. Mkewe, Bi Tupoki, kamshika mkono wa koti.

"Wanasemaje?"

"Wanaomba radhi."

"Wamekosa nini?"

Mzee akaenda dirishani kwa karani.

4.

Dirishani:

— Shikamoo, baba. Kadi hii siku hizi haipiti.

— Marahaba, mwanangu. Haipiti wapi? Juzi juzi ilipita.

— Mfuko haujatulipa.

— Sisi tumewalipa! Kila tukiuza chai, tunawalipa.

— Najua, baba.

— Sasa jicho lingoje mpatane?

Daktari mwenyewe akatoka, anafuta miwani kwa pindo la koti. "Mtoto wa jicho ameshakomaa, mzee. Akizidi kukaa humo ndani, kumtoa itakuwa tabu. Lete taslimu, hata wiki hii namfanyia."

Taslimu.

1.

Hii hapa ya kwanza. Nilitaka uifikie ukiwa umeshamzoea huyu mama.

Bi Tupoki ana jicho moja. La kushoto lilichomwa na bua la mahindi akiwa msichana, likafa. Lililobaki ndilo hili, na ndilo lililomchagua Ambilike katikati ya vijana waliokuwa na sura kumshinda. Sasa linaona ukungu tu, Tukuyu nzima kama asubuhi ya mwezi wa saba. Akimimina chai inapita nje ya kikombe, naye anasema sisimizi nao wana kiu.

Likifa na hili...

5.

KANUNI ZA CHAMA CHA KUZIKANA
(mlangoni kwa mwenyekiti)

Ya pili: Chama kinamchangia mwanachama aliyefariki. Aliye hai anajitegemea.

Ya tano: Rimu ikigongwa, kila nyumba itoke na kuni na mkungu wa ndizi.

Ya saba: Kilichofika msibani hakirudi kwa mwenyewe.

(Ya sita inahusu walevi. Tuiache.)

6.

Ambilike alitaka kikao tu. Watu waje, awaeleze, basi. Akaenda kwenye ile rimu ya lori iliyoning'inizwa njia panda, akaokota chuma.

Hakufikiri. Chama hakikuwa na mlio mwingine. Tangu kianzishwe, ile rimu haijawahi kuita watu kwa ajili ya mtu anayepumua.

Ngo.

Ngo.

        Ngo.

7.

Njiani, kwenye migomba, mvua inanyesha:

"Nani tena?"

"Kagonga Ambilike mwenyewe."

"Basi ni Bi Tupoki. Si alipelekwa hospitali?"

"Jamani, na ungo wangu anao!"

"Shoga, leo unadai ungo?"

"Sidai. Nalia."

8.

Aliyetangulia kuliko wote ni Mama Lugano, jirani. Hawa wawili walikuwa hawasalimiani tangu mbuzi wa Mama Lugano ale maharage ya Bi Tupoki. Kaja na kuni kichwani, sauti imefika mbele yake:

"Tupoki weee! Umeondoka hatusemeshani! Mbuzi mchukue! Mchukue tu yule mbuzi!"

Mlango ukafunguka.

"Nani huyo ananipa mbuzi?"

Kuni chini.

9.

"Umetuitia msiba hewa, Ambilike." Huyo ni Mzee Syabumi, mwenyekiti, kalowa mpaka soksi.

"Siyo hewa. Kuna jicho linakufa humu ndani. La kwanza lilikufa mkiwa hamjui. Hili mnalijua."

"Kanuni inasema aliyefariki."

Bi Tupoki akaita kutoka kwenye kigoda chake jikoni. "Mwenyekiti, siku nikifa mtaniletea hivi vyote?"

"Vyote, mama."

"Na nitaviona?"

Mwenyekiti akatazama mikungu iliyorundikwa mlangoni.

Halafu Mama Lugano akajifunga kanga vizuri. "Mimi kuni zangu sizibebi kurudi nazo. Kanuni ya saba."

"Hata mimi ndizi zangu zimeshafika," akasema mwingine.

"Na zangu."

Syabumi akavua kofia, akaikamua maji. Akacheka. Ndipo wengine wakacheka.

10.

Vilivyopakiwa kwenye Fuso ya wachuuzi wa ndizi: mikungu, kuni, maharage kidogo, mbuzi mmoja mlafi.

Hela ya mauzo ilikaribia kutosha. Daktari akasema hicho kilichopungua watakuja nacho, jicho halitakimbia.

11.

TANGAZO
(kwa mkaa, ubaoni, njia panda)
Wanachama wote. Kuanzia leo rimu itakuwa na milio miwili.
Ikigongwa polepole: amefariki.
Ikigongwa haraka haraka: bado yupo, njooni upesi.
Mwenyekiti.

12.

Kule kliniki tangazo lao bado limebandikwa. Chini wameongeza kuwa mazungumzo na Mfuko yanaendelea. Ambilike kalipita bila kulisoma. Ila kadi hajaitupa, iko mfukoni. Huwezi kujua.

13.

Bandeji inafunguliwa. Ambilike kakaa kitandani kando ya mkewe, hajui mikono aiweke wapi. Wanawake wa chama wamejipanga ukutani, wanabanana.

"Msiniambie nani kasimama wapi," anasema Bi Tupoki. "Nitasema mwenyewe."

Mzunguko mmoja.

Mwingine.

Pamba.

"Taratibu, mama," anasema daktari. "Fumbua."

Machozi yanamtoka, yanashuka, anayaacha. Kichwa kinageuka kidogo kidogo, kuanzia mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha kinarudi. Kinasimama.

"Huyo anayejifanya anaangalia dirishani," anasema polepole, "mwambieni asogee, nataka nimwone aliyenipa mbuzi."