Aliyeitikia Hadithi Zangu

Kristiana, mke wangu, alipofariki mwaka jana, wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, nilikuwa nimekwisha kuandika vitabu kumi na kimoja, na cha kumi na mbili kilikuwa kimefika ukurasa wa sita. Ukurasa wa saba ulinishinda.

Nasema vitabu kwa kuwa ndivyo watoto wanavyoviita. Ni vijitabu vya kurasa thelathini na mbili, vyenye jalada la manjano, vilivyobanwa kwa pini mbili. Nilipostaafu ualimu niliona kwamba watoto wetu wa Ufipa walikuwa wakisoma hadithi za bahari wasiyoijua na za treni isiyofika kwao, nikaazimia kuandika za nchi hii ya juu, yenye ulezi, baridi na upepo. Miaka ya kwanza nilivizungusha mwenyewe kwa baiskeli, shule kwa shule na parokia kwa parokia, kuanzia Kate nilikozaliwa na ninakoishi hadi sasa. Baadaye kazi ya kuchapa na kusambaza niliikabidhi kwa Fortunata, mjukuu wa rafiki yangu, mwenye duka la uchapaji huko Chanji, mjini Sumbawanga.

Utaratibu wangu haukubadilika kwa miaka kumi na minane. Baada ya sala ya asubuhi nilifunga mlango wa chumba na kuandika hadi saa tano, na mtu yeyote hakuruhusiwa kubisha hodi. Jioni nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, na wakati Kristiana akisonga ugali nilimsomea niliyoyaandika. Katika nyumba ya mama yangu hadithi haikusimuliwa kwa mtu aliyenyamaza. Msimulizi alitoa sentensi, msikilizaji akaitikia, ndipo sentensi ya pili ikaruhusiwa kupita. Kristiana aliitikia kwa neno moja: eeh. Wakati mwingine eeh yake ilikuja upesi, wakati mwingine ilichelewa, na mara chache haikuja kabisa. Niliichukua kuwa ni adabu ya mke, nami sikuitafakari zaidi ya hapo.

Baada ya maziko sikuacha kuandika. Nililelewa na mapadre walioamini kwamba huzuni ya mtu si sababu ya kengele kuchelewa. Nilifunga mlango saa ileile, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu wa kufungiwa mlango. Mwanangu Clemens yuko Dodoma na hupiga simu Jumapili. Sentensi zilikuja, tena zilikuwa sahihi. Lakini nilipozisoma zilikuwa kama bati jipya juu ya nyumba isiyokaliwa. Nilichana ukurasa wa saba mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nikafikiri kwamba ninachokosa ni mwitikiaji. Nikamwita jirani yangu Polikarp, katekista, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamweka kwenye benchi la jikoni na kumweleza kazi yake.

"Niitikie tu, Mwalimu?"

"Uitikie kama hadithi inakwenda. Isipokwenda, unyamaze."

"Haya, twende."

Nilisoma. Polikarp aliitikia kila sentensi kwa sauti ya litania, na kwa utii ulionitia wasiwasi. Nilipofika nusu, nikasoma kwa makusudi jambo lisilo na maana: kwamba mbuzi alivaa miwani na kwenda kuchukua pensheni yake Namanyere.

"Eeh," alisema Polikarp.

Nikafunga daftari. "Polikarp, mbuzi ana pensheni?"

"Nilijua utakuwa na maana yako, Mwalimu."

"Mbona hukunyamaza?"

Alijikuna shingo. "Mwalimu, tuseme ukweli. Mwaka ule nikiwa darasa la tatu nilikuambia jibu la ubaoni umekosea. Unakumbuka ulinifanyaje?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Fimbo nne. Na jibu ulikuwa umelikosea kweli." Akacheka, lakini hakunitazama. "Hapa Kate yote nani atakuambia wewe hapana? Karibu wote tulipita mikononi mwako."

Alikunywa chai, akashukuru, akaenda zake. Nilihesabu nyumba kwa kichwa, kutoka kanisani hadi mtoni, nikitafuta mtu mmoja ambaye sikumfundisha yeye wala mzazi wake. Nilimpata mmoja tu, naye alikuwa kiziwi.

Hata hivyo Fortunata alikuwa amewaahidi walimu kitabu kipya kwa ufunguzi wa shule Januari, na ahadi yake niliihesabu kuwa yangu. Kwa hiyo wakati wa kiangazi nilikikamilisha kwa nguvu, kama kibarua anavyomaliza palizi ya shamba la mtu. Kilihusu msichana aitwaye Angela, anayeteremka mlima peke yake kutoka Kate hadi Kirando, kwenye ziwa, kumtafuta baba yake anayeanika dagaa, kwa sababu bibi yake ni mgonjwa na anamwita. Kilikuwa na mwanzo, kati na mwisho. Mwezi wa Novemba, mvua zilipoanza na watu wakaingia mashambani, nilikifunga kwenye bahasha na kupanda basi la asubuhi.

Fortunata alikuwa akikata picha za pasipoti aliponiona mlangoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Hujambo, binti yangu."

"Sijambo. Babu, usiniambie umekuja kunisalimia tu."

"Nimekuja na kitabu."

Aliweka mkasi chini, akafuta mikono, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama, kisha akafungua wa mwisho.

"Kiko poa sana. Nitaanza kukipanga leo leo."

"Umesoma kurasa mbili."

"Vya kwako sina haja ya kusoma vyote. Jina tu linauza."

Maneno hayo yangenifurahisha miaka iliyopita. Siku ile nilimtazama akiiweka bahasha karibu na mashine, na nikatambua kwamba nilitamani akae kitako, akisome kitabu chote na kunikosoa. Yeye naye hakuonekana kuwa na raha. Alivuta kiti, akanikalisha, akasimama akichezea waya wa kompyuta.

"Babu, kuna kitu. Nimekaa nacho tangu msiba. Kila ukija nasema leo nitamwambia, naogopa."

"Sema."

"Unakumbuka nilikuja Kate kurekodi Mtoto wa Mhunzi, kabla hujakichapa? Mkiwa jikoni?"

Nilikumbuka. Wakati huo alitaka kuwauzia wasafiri hadithi za kusikiliza, nami nikakubali kujaribu moja.

"Ninayo ile ya kwanza. Kabla sijaikata."

"Nilikuagiza uifute."

"Uliniagiza nimfute Bibi," alisema kwa upole. "Ulisema, ondoa hizo kelele, wasikilizaji watadhani tuko sokoni. Nikazitoa kwenye ile ya kuuza. Hii sikuifuta. Ukitaka nifute, nifute sasa. Ukitaka kusikia, ipo."

Nilisogeza kiti karibu na kompyuta. Akabonyeza.

Kwanza nilisikia moto, halafu mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, halafu sauti yangu, ngumu, ikisoma kana kwamba kuna mkaguzi mlangoni. Na baada ya sentensi ya kwanza: eeh. Baada ya ya pili: eeh. Zilikuja kwa wakati wake, kama mtu anayekupokeza kuni mojamoja bila kukutazama. Fortunata aligeukia dirisha.

Hadithi ile inamhusu mvulana yatima, zama za wahunzi waliofua chuma katika nchi hii, anayepeleka mkaa kwenye tanuru la mjomba wake kabla moto haujazimika. Nilisikia sauti yangu ikisema: "Akatembea siku mbili, na siku ya tatu akaona moshi."

Kimya. Mwiko nao ulikuwa umesimama.

"Siku ya tatu," sauti yangu ilirudia, "akaona moshi."

"Huyo mtoto amekula nini?" aliuliza Kristiana.

"Mama Clemens, usinikatize. Tunarekodi."

"Nauliza tu. Siku mbili, na amebeba mkaa."

"Atakula akifika."

"Basi hatafika."

Hapo msichana mmoja alicheka karibu na kinasa sauti. Alikuwa Fortunata mwenyewe. Nilisikia koo langu likisafishwa, kisha usomaji ukaendelea, na baada ya sentensi tatu eeh ilirudi, lakini kwa shingo upande.

Nilimwomba Fortunata azime.

Katika kitabu kilichochapwa, ukurasa wa kumi na nne, mvulana yule anapita nyumbani kwa kikongwe ambaye hampi njia mpaka anywe uji wa ulezi. Kikongwe anamwambia kwamba mkaa haubebwi na tumbo tupu, na anamfundisha namna ya kuufunga mzigo. Hakuna ukurasa wangu uliopendwa kama huo. Watoto wameuigiza, mwalimu mmoja aliniambia kwamba darasani kwake huwezi kuuruka. Katika shule moja ya Nkasi mtoto alisimama akaniuliza nilimpata wapi yule bibi wa uji. Nilimjibu, mbele ya shule nzima, kwamba mwandishi hujifunza kufikiri akiwa peke yake, kwa sala na nidhamu. Nilisema hivyo kwa moyo safi. Niliamini kwamba yule kikongwe alinijia asubuhi yake, nyuma ya mlango niliokuwa nimeufunga.

"Nipe bahasha yangu," nilisema.

Fortunata aligeuka. "Ya kitabu?"

"Hakijaiva."

"Babu, jamani. Shule zinafungua Januari. Nimeshawaahidi watu."

"Najua."

"Nisipopeleka chako nitapeleka cha Wiliam, yule kijana wa Kirando. Wakizoea cha Wiliam, mwakani watataka cha Wiliam."

"Anaandika vizuri?"

"Anaandika haraka."

"Hilo sikukuuliza."

Alicheka kidogo, kisha uso ukarudi kwenye kazi. "Kimekosa nini? Mimi nimekiona kizuri."

"Msichana ameteremka mlima siku nzima, na hakuna aliyemuuliza hata anatoka wapi. Peleka cha Wiliam. Na vile kumi na kimoja, utakapovichapa upya, weka jina la Kristiana kwenye jalada, sambamba na langu."

"Majalada yote nipange upya?"

"Yote."

Alichukua kalamu, akaishika bila kuandika. "Sawa. Ila watu wataniuliza. Niseme Bibi alifanya nini? Alichora? Alisimulia?"

Nilitafuta neno. Mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na saba, nilikaa kwenye kiti kile cha plastiki na sikulipata. Kila neno nililolishika lilikuwa ama dogo mno au la sifa mno, na Kristiana hakupenda kusifiwa.

"Andika jina lake," nilisema. "Akiuliza mtu, mlete kwangu."

Aliponisindikiza mlangoni alinong'ona, "Babu, niiweke ile sauti kwenye kadi? Nitakutafutia na simu ya kuisikilizia. Jioni uwe unamsikia."

Nilisimama nikiwaza jikoni kwangu. Ninakiri kwamba nilitamani sana.

"Anaitikia hadithi ile," nilimwambia. "Hii ya Angela haiitikii. Itunze wewe. Usiifute."

Kesho yake Kate ilikuwa kimya, maana kila mwenye jembe alikuwa shambani. Polikarp alipita na mbegu zake begani, akanisalimu kutoka njiani bila kusimama. Sikuingia chumbani. Nilichukua daftari, nikaenda jikoni, nikafungua mlango wake wazi hadi ukutani na kukaa kwenye kigoda, ingawa mafiga yalikuwa ya baridi na ilikuwa saa mbili asubuhi.

Nilisoma sentensi ya kwanza kwa sauti, nikangoja. Hakuna kilichokuja, na sikutarajia kije. Nikajaribu kupima mimi mwenyewe mahali ambapo angechelewa, na mara ya kwanza nilijidanganya: nilijiitikia upesi, kama Polikarp, kwa kuwa niliipenda sentensi yangu. Nikaisoma tena. Mara ya tatu niliona kwamba Angela anatoka nyumbani alfajiri na hakuna hata mtu mmoja aliyemwamsha. Nikaikata. Nikaandika nyingine, nikaisoma, nikangoja tena. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi ngumu. Kuandika nilikuwa nakujua.

Adhuhuri nilikula kiporo cha ugali nikiwa nimesimama. Mvua ilipita, ikaacha matone yakidondoka kwenye ndoo nyuma ya nyumba. Watu walipoanza kurudi kutoka mashambani, wakizungumza Kifipa kwa sauti za uchovu, nilikuwa na mistari minne.

Asubuhi iliyofuata nilifuta miwili. Miwili iliyobaki naisoma kila siku kabla ya kuendelea, na hadi leo sijaifuta.