Hodi Chini ya Barafu

Chini ya barafu aliyosimamia Hamad hapakuwa na maji. Maji yalikuwa yameondoka na barafu ikabaki peke yake, kama kifuniko juu ya sufuria tupu, na mwanamume mzima yuko katikati yake amevaa viatu vya vyuma vya kutelezea barafuni.

Muhiddin, aliyekuwa ukingoni, alijua kwa sauti tu. Mwanzo vile vyuma vilikwaruza. Sasa vilivuma, kama kiti kinachoburutwa ghorofani na wewe umekaa chumba cha chini.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1987, Jumapili mchana, kwenye bwawa lililo msituni juu ya Thamesmead, pembeni mwa London. Zamani watu walichimba chaki pale. Kabla Hamad hajakanyaga barafu, mzee wa Kiingereza aliyepita na mbwa wake aliwaambia kuwa mapango ya machimbo bado yako chini, na maji huingia na kutoka humo yanavyotaka. Mbwa wake aligoma kusogea ukingoni. Muhiddin akamtafsiria shemeji yake.

"Mwambie miye si mbwa," alisema Hamad, akakaza kamba za viatu. Alivinunua sokoni Lewisham, baada ya kuangalia watu wakiteleza kwenye televisheni tangu alipofika kutoka Unguja.

Huyu Hamad alikuwa ndugu pekee aliyembakia Zuwena, mke wa Muhiddin. Baba yao na kaka zao wawili walichukuliwa nyumbani siku za mapinduzi, na hakuna aliyerudi wala kuzikwa. Zuwena alihangaika miaka mpaka akampata Hamad aje London. Asubuhi ile alimfunga skafu shingoni kwa mikono yake, akamgeukia mumewe. "Nakukabidhi huyu," alisema.

"Rudi, shemeji!" Muhiddin alipiga kelele.

"Ushaanza! Unaogopa maji yaliyolala?"

"Barafu inalia, bwana!"

"Inalia wivu. Miye naruka, weye umesimama kama nguzo ya taa!"

Ndipo kukabishwa hodi. Ko, ko, ko. Kutoka chini.

Hamad alisimama, akatazama miguu yake. Kunguru wote wa msituni walinyamaza. Ko, ko, ko, mara hii karibu zaidi na nyayo zake.

Mtoto yeyote aliyelelewa Unguja anajua kuwa hodi ni tatu. Nyumba ikinyamaza mara ya tatu, mgeni huenda zake. Muhiddin alikuwa na umri wa miaka arubaini na tano, anaendesha basi la ghorofa, na aliona haya kufikiri hivyo mchana kweupe. Hata hivyo aliweka kidole mdomoni. Nyamaza, shemeji. Nyamaza tu, itaondoka.

Hodi ya tatu ilikuja polepole, kama ya mtu anayekata tamaa.

Na Hamad alikuwa kijana aliyelelewa vizuri. Kumwacha mtu mlangoni hakuweza.

"Karibu!" akaitika.

Barafu haikupasuka. Kipande alichosimamia kilishuka taratibu, kama mlango unaofunguliwa na mwenyeji, naye akashuka nacho. Hakukusikika maji.

Muhiddin alilala kifudifudi akatambaa mpaka kwenye tundu. Hewa iliyotoka humo ilikuwa na uvuguvugu, ikinuka chokaa mbichi. Chini, kina cha kimo cha mtu, Hamad alisimama juu ya tope jeupe, mzima, amempa mgongo, ameelekea kwenye mdomo wa pango. Alikuwa anazungumza.

"Wazima, alhamdulillahi. Starehe, starehe, usinyanyuke."

"Hamad! Nipe mkono!"

"Ngoja, shemeji, usinitie haya mbele za watu. Kumbe wako wengi huku." Akasikiliza, akacheka kidogo, kama mtu anavyocheka mbele ya wakubwa zake. "Wanauliza, na weye unaingia?"

Muhiddin hakujibu. Maji yalikuwa yanarudi kutoka pangoni, meupe kama maziwa, bila sauti. Yakafika magotini, yakafika kiunoni, yakafika shingoni. Hamad hakuyatazama. Muhiddin alitumbukiza mkono akaikamata skafu, akavuta. Upande wa pili nao ukavuta, si kwa nguvu, ila kama mtu anavyomzuia mgeni asiondoke kabla ya chakula. Kisha skafu ikawa nyepesi.

Zimamoto walimkuta Muhiddin bado mkono wake umo ndani ya maji. Wapiga mbizi walivitoa viatu vyote viwili, kamba zimefungwa vilevile. Hamad hawakumpata.

Muhiddin alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivyokufa kwa baridi, na basi hakuendesha tena. Zuwena alikaa matanga ya nne maishani mwake, na ya nne bila maiti. Kabla mwaka haujaisha alihamia Neasden, upande mwingine wa London, hakudai hata talaka. Hodi tatu zilichukua shemeji mmoja, vidole vitatu, kazi, na mke.