Theluji ya Mwezi wa Saba

Bibi Verlene alikuwa na miaka sabini na sita, na kwa miaka mitatu mfululizo hakuonekana kwenye kadi ya Krismasi ya mwanawe. Si kwamba walimchukia. Walimpenda sana, ndiyo maana walimpa simu awapige picha. Mwaka huu alikuwa amejiapiza: ataingia, watake wasitake.

Kadi ilikuwa kazi ya mkwewe, Kendra. Kila Desemba iliwaendea watu mia na ishirini, familia nzima meno nje, ikifuatana na barua ya ukurasa mzima ya kueleza walivyofanikiwa. Lakini Desemba iliyopita wifi yake Kendra wa Colorado alituma kadi yenye theluji ya kweli, nayo ikamkaa Kendra kooni kama mfupa wa samaki. Kwao El Paso, mji wa jangwani, theluji haina habari nao. Ila mwendo wa saa moja na nusu kwa gari iko White Sands, vilima na vilima vya mchanga mweupe kama unga, na kwenye picha nani atajua?

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba, jua likiwaka kama lina ugomvi na mtu, wakashuka garini na sweta nyekundu za sufu, kila moja na kulungu kifuani. Zilinunuliwa nne: ya Kendra, ya mumewe Dwayne, ya binti yao Tatum, na ya mbwa wao, Hobart, aliyefungwa pia pembe za kitambaa kichwani. Bibi Verlene hakununuliwa ya kwake. Akafungua mkoba wake, akatoa sweta nyekundu ya mtumba yenye Baba Krismasi juu ya pikipiki, akaivaa taratibu.

"Mama, hiyo ya nini?" Kendra akauliza.

"Baridi, mwanangu."

Tatum akacheka. Mama yake akamkata jicho, kisha akamkabidhi bibi simu. "Ukibonyeza usitikise mkono kama mwaka jana."

"Mwaka jana nilikuwa nacheka. Mlivyojipanga, utadhani mnasubiri kung'olewa meno."

Watu wa chupi za kuogelea walipita na sahani zao za plastiki za kuteleza mchangani, wakageuka kuwatazama mara mbili. Bibi Verlene akapiga ya kwanza: Dwayne kafumba macho kwa mng'ao. Ya pili: jasho linamchuruzika Dwayne hadi kidevuni. Ya tatu: Hobart kajilaza, kaigeuzia simu makalio.

"Hobart, baba, tazama huku," Kendra akabembeleza. Bila Hobart hakuna kadi. Watu huuliza habari za Hobart kabla ya kuuliza za Dwayne.

Ndipo akaja askari wa hifadhi, dada mwenye kofia pana. Akatazama kamba ya mbwa, akatazama sweta, akatazama jua. "Maji mnayo?"

"Tunayo," Dwayne akajibu kwa aibu. "Tunapiga ya Krismasi."

"Binti, hebu tushikie simu, utupige," Bibi Verlene akadakia kabla Kendra hajafungua mdomo, na papo hapo akakaa mbele yao wote, juu ya sahani ya kuteleza iliyokuwa imeachwa hapo. Hobart akanyanyuka kama aliyeitwa kazini, akampandia bibi mapajani, kichwa juu, pembe zimenyooka.

"Mama, sogea pembeni kidogo, tupate na moja ya sisi wenyewe," Kendra akasema.

Bibi akasogea kushoto. Hobart akasogea kushoto. Akahamia kulia, na mbwa naye. Tatum akamwinamia.

"Bibi, mbona kifua chako kinanukia nyama kavu?"

"Nyamaza, na wewe utapata."

Garini sweta zilivuliwa, kipoza hewa kikafunguliwa hadi mwisho. Kendra akapekua picha zote. Iliyofaa ilikuwa moja tu.

"Nitamfuta mama," akamnong'oneza Dwayne, kwa mnong'ono wa kusikika hadi kiti cha nyuma. "Simu inafuta siku hizi."

Akafuta. Hobart akabaki anaelea hewani, mkono wenye mikunjo umemzunguka tumbo. Akajaribu tena, Hobart akaota sikio la tatu.

Dwayne, ambaye kwa miaka kumi na sita ya ndoa alijifunza kutazama barabara tu, aliitazama barabara. "Kendra," akasema. "Mwache mama yangu akae."

Maili nyingi zikapita. Kisha Kendra akageuka nyuma, uso umeiva kwa jua, bila hila tena.

"Na kwenye barua nikuandike vipi, Mama? Kila mtu namwandikia alichofanya mwaka huu."

Bibi Verlene akafikiri, huku Hobart akimlamba vidole.

"Andika nipo," akasema.