Gauni la Vigingi Vinne

Mimi na radi hatupikiki chungu kimoja, na kila mtu kazini anajua. Kwa hiyo mpiga picha wetu, tunayemwita Jicho, alipotazama mawingu meusi yaliyojazana juu ya ule mto mkavu na kusema, "Anga kama hili halinunuliki, tushukeni," nilitamani kurudi garini nikajifungie.

Lakini gauni lilikuwa langu, wiki tatu nzima za mkono wangu, na mwanamitindo alikuwa mwanangu. Si wa kumzaa. Ni wa marehemu dada yangu, aliyeniachia akiwa na miaka sita. Sasa ana kumi na tisa, amenipita urefu, na bado ananiita Mamdogo kwa sauti ileile ya mtoto anayetaka kubebwa.

Tukashuka mpaka katikati ya mto, na huko upepo haukuwa na adabu. Kila Jicho alipoinua kamera, mkia wa gauni uliruka ukamfunika binti uso.

"Fundi, litulize hilo!" akafoka.

Nikafanya ninachofanya siku zote. Nikagongomea vigingi vinne vya chuma katikati ya mawe, nikaufunga mkia kwa uzi wa nailoni, ule usioonekana pichani, mafundo matatu kila kigingi. Binti sikumwambia. Mwanamitindo akijua amefungwa, husimama kama mlingoti. Na zipu ilikuwa imeharibika asubuhi ile, kwa hiyo nilikuwa nimemshonea gauni mwilini, mgongo mzima.

Radi ikapiga nyuma ya kilima. Jicho akacheka. "Fundi, vua huo mkasi shingoni, usije ukatupigisha shoti!"

Alikuwa anatania. Mimi nikauvua kweli, nikapanda mbio mpaka barabarani, nikautupa ndani ya gari.

Nikiwa njiani kurudi nikasikia mngurumo. Radi hunguruma ikanyamaza, huu haukunyamaza. Pale tulipokuwa halikuwa limeanguka hata tone moja, lakini huko juu mvua ilikuwa imeshamwagika, na sasa mto ulikuwa unakuja. Muda wote nimeogopa vya juu, na hatari ikaja kwa chini.

"Toka! Toka hapo!" Jicho alikuwa ameshapanda ukingoni, anapunga mkono.

Binti akainua mguu, akarudi palepale. Maji ya rangi ya matope yakamzunguka vifundoni, yamebeba vijiti na majani.

"Mamdogo, gauni limekuwa zito! Siwezi!"

Haukuwa uzito, vilikuwa vigingi vyangu. Kurudi kuufuata mkasi ni hatua mia. Kwa binti ni ishirini. Nikateremka. Nikainama kwenye kigingi cha kwanza nikapapasa fundo. Fundo la nailoni likivutwa na maji hukazana. Kucha mbili zikavunjika na fundo halikusogea, na maji yalikuwa yamefika magotini. Gogo likapita karibu nasi, nene kama mtu. Nikaanza kulia kwa sauti, mimi mtu mzima, namwita dada yangu aje amchukue mtoto wake kabla sijamuua.

"Unafanya nini huko chini?" binti akapiga kelele. "Nivue! Nivue tu!"

Kumvua. Zipu hakuna. Ila mgongoni nilikuwa nimeshikiza tu, mishono mirefu ya kufumua jioni, yenye fundo moja, shingoni. Nikamkumbatia kwa nyuma nikalitafuta kwa meno. Nikauma nywele, nikauma ngozi, akaguta. Kisha nikaupata uzi, nikaukata, nikauvuta. Ukaja. Gauni likafunguka mpaka kiunoni, naye akachomoka akiwa na gaguro la ndani peke yake. Jicho alikuwa ameingia mpaka mapajani, ametunyooshea stendi ya kamera, ile ya miguu mitatu. Tukaishika, akatuvuta.

Tukakaa ukingoni, tumeshikana mikono, meno yanagongana. Jicho alitapika pembeni kisha akaomba radhi. Binti akanipangusa tope usoni. "Umeniokoa, Mamdogo. Leo umeniokoa."

Nilikuwa natazama mto. Gogo la pili likapita, halafu mti mzima na mizizi yake. Katikati ya yote hayo gauni langu lilikuwa palepale, linajaa maji na kutanda, linajaa na kutanda. Binti naye akageuka kulitazama.

"Mamdogo," akasema, "mbona maji hayalichukui?"

Ningeweza kusema limenaswa kwenye mawe. Jicho alikuwa hasikii, na mimi nina ulimi wa kuuza nguo.

"Nililifunga," nikasema. "Vigingi vinne. Nilikufunga mimi, mwanangu, na sikukwambia."

Akalitazama tena. Kisha akautoa mkono wake mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.