Masizi Arudi Nchi Kavu

Yule mchochea makaa waliyembandika jina la Masizi alikuwa na nyumba mbili: ya mkewe, aliyoijenga kwa jasho lake akalala humo kwa nadra, na ile meli ya mvuke iliyobeba saruji, mbao na chochote kilichokataliwa na meli zenye maringo. Ukimuuliza kwake ni wapi, alikuonyesha bomba la moshi.

Meli ilikuwa imechoka, jamani. Kila ilipovuja waliziba kwa saruji, wakaenda zao. Safari ile nahodha aliagiza wagonge kutu na kupaka rangi, ili kikongwe wao apendeze mbele ya wakaguzi. Masizi aligonga kwa bidii kuliko wote, maana alikuwa akimpamba kipenzi chake. Hakujua kwamba kule chini, nyuma ya matanuri, chuma kilikwisha zamani, na kilichokuwa kikizuia bahari ni hiyo kutu yenyewe. Nyundo ikapita. Maji yakaingia bila hodi.

Bahari ilikuwa shwari, na hiyo ndiyo iliyozidisha aibu. Walizima matanuri boila isije ikapasuka, wakashuka mashuani wote wazima, wakaitazama meli ikizama polepole mchana kweupe. Wenzake walimshukuru Mungu. Masizi alilia.

Nyumbani mkewe alimpokea vizuri. Alimtandikia shuka zile za sandukuni, akamuuliza, "Safari hii unakaa mpaka lini, baba watoto?"

"Sina tena pa kurudi. Nimekuja moja kwa moja."

Mkewe akampa pole. Tangu hapo Masizi akawa anatafuta kazi humo ndani. Akishika kuni, binti yake anampokea kwa adabu. Akitaka kugongelea bati la jiko, anaambiwa mkwewe keshaahidi kulishughulikia. Akiongea, anaongea kwa sauti ya kushindana na mitambo, na wajukuu wanakimbilia kwa bibi yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naye jembe alilitamani kuliko chakula. Ya tatu ikapita, na nyingine nyingi. Mwisho alilichukua mwenyewe nyuma ya mlango, akaelekea bustanini. Mkewe akamfuata, akamwondolea jembe mkononi kwa upole.

"Kaa tu upumzike, baba," alisema. "Sisi tumeshazoea."