Kiambi wa Dirishani

Kiambi ananitia kichefuchefu, na nasema hivyo nikijua vizuri kwamba ni mzee wa kanisa. Mwaka wa 1999 alikuja ofisini kwangu mjini Meru, nilikokuwa na kompyuta, skana na kamera, akitaka watu wa Nairobi wauone ukumbi wake wa Timau kwenye kompyuta bila kusafiri.

Nilimweleza njia mbili. Ya kwanza ni video: mtazamaji anaona pale tu ulipoelekeza kamera. Ya pili, unasimama katikati ya chumba na kupiga picha huku ukigeuka mpaka urudi ulipoanzia, kisha programu inaziunganisha. Mtazamaji anashika mausi, anazunguka mwenyewe na kuangalia anapotaka.

"Hiyo ya kuzunguka," akasema. "Video kila mtu ako nayo."

Nilikubali haraka kwa sababu yangu. Dada yangu Marcella alikuwa anaolewa Desemba, na Mama alikuwa amekwisha kuukodi ukumbi huohuo pamoja na jikoni na wapishi. Wakwe wangetoka Gachoka, tena wengi. Nilitaka kuona chakula chao kingepikiwa wapi.

Ukumbi wenyewe haukuwa mbaya. Jikoni ndiko nilikoziba pua. Matumbo ya ng'ombe yalilala sakafuni kando ya mtaro, yamejaa nzi hata huoni rangi yake. Sufuria zilikuwa na ukoko wa mchuzi wa harusi iliyopita, na panya alipita juu ya magunia ya viazi bila haraka, kama mwenye nyumba. Viatu vyangu vilinata. Nikauliza kama tungoje pasafishwe kwanza.

"Piga tu, Gatwiri. Mimi nitasimama hapo mbele."

Akasimama kweli, suti ya kijivu na tai nyekundu. Kila nilipogeuza kamera, alikimbia akasimama mbele yake tena, maana kwetu picha isiyo na mtu ni filamu iliyotupwa. Nikamwambia atatokea kila mahali.

"Si ukumbi ni wangu?"

Nilipomsimulia Mama, aliwaka. "Kiambi ndiye hushika sahani ya sadaka! Ama unaonea mdogo wako wivu?" Maneno hayo yaliniuma sana. Zaidi ya hayo, alimfikishia Kiambi yote niliyosema.

Programu ya kwanza iliunganisha picha zote bila kuniuliza, ikanipa Kiambi wengi wamejipanga ukutani, mmoja akiwa na mguu mmoja. Nikatafuta nyingine, inayokuacha uchague. Picha jirani huingiliana, kona moja ikaonekana katika picha mbili, nawe unaamua ipi ibaki. Hivyo kila Kiambi angeweza kuondolewa kwa kutumia picha ya jirani, ambamo alikuwa ameshaihama kona hiyo.

Nikamwita achague mmoja wa kubaki jikoni. Alijikagua, pua karibu iguse kioo cha kompyuta. Yule wa mtaroni, aliyeyaziba matumbo, alikuwa amefumba macho. Yule wa dirishani alikuwa amepigwa na mwanga vizuri.

"Huyu. Hao wengine toa."

Nikawatoa wote.

Siku ya kuchukua CD alikuja na Mama, makusudi, ili aniaibishe. Mama hakuwa amewahi kushika mausi. Alizunguka polepole: Kiambi dirishani, jiko, magunia, mtaro. Hapo akasimama. Akasogeza uso, kisha akafunika mdomo kwa leso.

"Mzee, hii kitu imelala hapa chini ni nini?"

"Hiyo ni matumbo tu, Mama Gatwiri. Rudisha kwa dirisha."

"Na nzi hizi zote? Hii ndio watu wa Gachoka wangekula?"

"Nimesema rudisha kwa dirisha. Bado hujaona vile nimetoka smart."

Mama aliacha mausi, akapangusa mkono wake kwenye leso kidole kwa kidole. "Marcella atapikiwa nyumbani Kibirichia," akaniambia mimi, akatoka nje kutema mate.

Kiambi alivuta kiti chake karibu, akashika mausi na kurudi dirishani.