Picha Mbele ya Nyumba ya Nalepo

Nalepo alikuwa anafukiza kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha mti wa oloirien pale shemeji yake, Saning'o, alipoingia uani na mfuko wa sukari. Tangu wamzike mume wake, Saning'o hakuwahi kutoka kwake mjini Themi kuja kumjulia hali. Leo alivaa koti, na viatu vilikuwa vimepigwa rangi.

"Mama Lucky, hujambo? Sukari hiyo, ya chai."

"Asante, shemeji. Kuna msiba?"

"Msiba wa nini tena? Mtu haruhusiwi kusalimia nyumbani kwao?"

Kabla hajajibu, pikipiki ya mtendaji wa mtaa ikasimama getini. Nyuma alikuwa amempakia mthamini wa ardhi. Nalepo akaelewa. Uwanja mpya wa mpira ungejengwa hapa. Watu bombani walisema nyumba yake itakuwa maegesho ya wageni wakubwa. Kila mwenye eneo angepigwa picha mbele ya nyumba yake, ameshika kibao chenye namba, na atakayeonekana pichani ndiye atakayelipwa fidia. Lakini mtendaji mwenyewe alikuwa amemwambia kazi hiyo ni wiki ijayo.

Akaingia ndani, akafunga mlango, akakaa kitandani na kibuyu chake mapajani.

"Mwenye eneo nani?" mthamini aliuliza huko nje.

"Si huyu hapa, mzee Saning'o," mtendaji alijibu haraka. "Yule mama ni mjane tu, anakaa."

"Haya mzee, shika kibao. Nifungulie kwanza nione vyumba."

Viatu vilisogea mpaka mlangoni, vikasimama. Kwa Waarusha, nyumba ni ya mwanamke aliyeikandika kwa mikono yake. Mwanamume anaweza kudai ng'ombe na shamba, lakini haingii kwa mke wa ndugu yake bila kukaribishwa. Maisha ya mjini Themi hayakuwa yamemwondolea Saning'o mila hiyo.

"Hodi," alisema.

Mthamini akacheka. "Mzee, unabisha hodi kwako?"

"Mila zao hizo," mtendaji akadakia. "Wewe piga picha, bosi, jua linapanda."

"Nipige mlango uliofungwa? Vyumba vingapi, mzee?"

Saning'o akakohoa. "Hodi, Mama Lucky."

Neno "karibu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Nalepo. Huyu ndiye aliyebeba jeneza la mume wake begani, mvua ikimnyeshea. Akauma pindo la shuka.

"Hodi," kwa mara ya tatu, chini chini, kama mtu anayeomba.

Hakuitika. Nje kibao kiliwekwa chini, na viatu vikarudi nyuma taratibu.

"Tutakuja na mgambo," mtendaji alisema kwa sauti, ili asikike ndani.

Nalepo akaweka kibuyu pembeni, akainuka, akaanza kusukuma kitanda kuelekea mlangoni.